Neno Moja Badala ya Maswali Arobaini na Moja

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na yule paka wenu anayedhani nyumba ni yake. Huku sote wazima, isipokuwa macho ya Mama. Daktari amesema ni presha ya macho. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, lazima apimwe na dawa ibadilishwe kufuatana na kipimo. Kliniki yenyewe iko ghorofa ya saba. Mama ameniagiza nikwambie haoni vibaya kiasi hicho, kwani juzi alimtambua jirani yetu msengenyaji tangu ng'ambo ya barabara na akawahi kujificha.

Ningekupigia simu, lakini najua utasema simu haina rasimu, na sikio lako la kulia lilistaafu kabla yako.

Nimepata kazi, kama ulivyosikia, katika ofisi yako ya zamani. Mimi sasa ni mkaguzi wa lifti, kwa majaribio ya miezi sita. Nimepewa meza ya dirishani, ile ambayo droo yake ya chini haifunguki. Wanasema ilikuwa yako. Wazee wa ofisi bado wanakuita Kamusi, na niliposema mimi ni mpwa wako, nililetewa chai na kiti chenye miguu yote minne.

Sasa nina swali. Fomu zetu bado ni za Kiingereza, na fomu ya ukaguzi ina sentensi moja tu: kwamba lifti hii imefanyiwa ukaguzi. Ila ukaguzi huo umepewa kivumishi, thorough. Chini yake pana nafasi ya saini. Nilimuuliza Mkuu wa kitengo neno hilo linanidai nifanye nini. Akacheka. "Hilo ni la adabu tu, binti, kama 'wako mtiifu'. Wewe umewahi kumtii mtu uliyemwandikia hivyo?"

Sitaki kutia saini chini ya neno nisilolijua vizuri. Wewe ndiye bingwa wa familia. Lina maana gani, na linatumikaje?

Mpwa wako,
Bi Kwa Nini

27 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Tu wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu, paka hakusalimu. Mpe pole dada yangu, mwambie asikose kliniki hata siku moja, presha ya macho haina mchezo.

Niwie radhi kwa kuchelewa wiki tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi mno. Ya pili ilikuwa na koma moja niliyoitilia shaka, nikaona siwezi kuituma mpaka roho yangu itulie. Pia nina shughuli kubwa: ofisi itatimiza miaka hamsini mwezi Juni, na wameniandikia kwamba chumba cha nyaraka kitapewa jina langu. Kutakuwa na bamba la shaba mlangoni. Naandaa hotuba ya kushukuru. Nimeshamaliza salamu.

Umeuliza neno, na umeuliza mahali penyewe.

Thorough si "kamili". Kitu kamili hakina pengo, basi. Neno letu halisifu kitu, linasifu mwendo: mtu ameingia kwa mlango wa mbele akatokea kwa mlango wa nyuma, na katikati amepita kila chumba, hata kile cha kuwekea mafagio. Wala si "mwangalifu". Mwangalifu anaweza kufanya nusu ya kazi bila kuvunja kikombe, akaenda zake. Hili halikubali nusu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natoka bafuni nimelowa mwili mzima, nikajiona nimeoga. Mama yako alikuwa ananishika, ananikunja sikio na kutazama kwa nyuma. Kuoga kwangu kulikuwa kuoga. Kutazama kwake ndiko thorough.

Kwa Kiswahili utasema "wa kina", au "bila kuacha kitu", na kama ni maelezo, "kinagaubaga". Matumizi yake: huandamana na usafi, upekuzi, matayarisho, ukaguzi. Halipendi kutumiwa na mtu kujisifu. Ukisema mwenyewe kwamba wewe ni thorough, tayari kuna kitu umekiacha. Na ukitaka kulipima, jiulize: ni nini sikukitazama? Ukipata jibu, hata moja, neno hujalifikia.

Kuhusu fomu yenyewe sina la kuongeza. Fomu ni fomu.

Mjomba wako

5 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa bamba. Mama amefurahi hadi akawatangazia majirani, yule msengenyaji akiwamo. Huku kaka amehamia chumba cha mbele na redio yake, kwa hiyo sasa tunasikia habari tukitaka tusitake.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, kisha nikayachukua kazini, na yameniponza.

Lifti yangu ya kwanza ilikuwa ya jengo la kliniki ya Mama. Bawabu alinikaribisha kwa glasi ya maji. Nikamuuliza kazi ya glasi ni nini. Akasema, "Ya mkaguzi. Wenzako hunywa, wanapiga muhuri, wanaondoka." Nikamwambia nataka kwenda kwenye chumba cha mtambo juu ya paa. Akaniangalia kama niliyeomba kuonyeshwa kaburi. Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu, tulilikata kwa msumeno.

Lifti ile inaning'inia kwenye kamba nne za chuma. Niliziinamia kwa tochi na kitambaa, nikahesabu nyuzi zilizokatika. Kamba ya pili ina nyuzi kumi na tisa zilizokatika ndani ya urefu wa kiganja changu. Kamba ya tatu sikumaliza kuihesabu, ilikuwa imeshaipita hiyo ya pili. Swichi ya breki imefungwa kwa kamba ya kiatu, tena kwa kitanzi kizuri, mfungaji alikuwa fundi wa kitu fulani. Na lifti hiyo ina karatasi ukutani, ya mwaka jana, yenye lile neno letu kwa wino wa zambarau.

Hapo ndipo nilipojua kwamba neno haliandikwi. Linapigwa. Mkuu ana muhuri wa mpira kwenye droo, anaotuazima, una neno hilo moja. Nilipompelekea kurasa zangu nane za ripoti, alizipima kwa mkono kama anayepima nyama. "Fomu inasema wapi uende juu ya paa?" Nikasema neno linasema. "Neno halisemi, binti. Neno linapamba. Umefanya kazi nje ya madaraka yako." Nimekataa kupiga muhuri. Bila saini yake lifti haifungwi, na bila muhuri wangu haina cheti kipya, lakini cha zamani bado kimo ukutani na watu wanapanda.

Mama nimemkataza kuipanda. Jana, Alhamisi, hakwenda. Ghorofa saba kwa ngazi hawezi, miguu yake unaijua. Nilimwomba daktari ampime chini. Mashine zake zimefungwa kwa parafujo sakafuni kule juu, akaniambia, "Lifti imekaguliwa, ina muhuri. Nizihamishe kwa sababu gani?" Hospitali nyingine imetupa miadi ya Novemba.

Ila nimegundua jambo. Nyuma ya kabati la stoo nimeokota kipande cha ukurasa wa fomu ya zamani, una swali la thelathini na tano hadi la arobaini. Maswali hasa, Mjomba! Umetazama nini, umehesabu ngapi, umeshika kwa mkono gani. Kumbe fomu ilikuwa na kurasa, ikafupishwa. Nikiipata nzima, na nikajua aliyeifupisha na kwa ruhusa ipi, Mkuu hatakuwa na la kusema. Ulikaa pale miaka thelathini na moja ukiandika nyaraka zote. Ni nani aliyefanya hivyo?

Naomba unijibu haraka.

Bi Kwa Nini

19 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na poleni na redio. Huku nilishikwa na mafua, halafu kalamu ikaleta matata, halafu paka akalala juu ya rasimu siku mbili na mkaza mjomba wako akakataa aondolewe. Hotuba inaendelea. Nimefika kwa wageni waalikwa.

Nimefurahi sana kuona jinsi unavyolipenda neno. Hebu nikuongezee. Asili yake ni moja na lile neno dogo la Kiingereza, through, linalomaanisha kupenya, kutoka upande huu hadi wa pili. Zamani yalikuwa kitu kimoja, kisha yakagawana kazi kama ndugu waliogawana nyumba: mmoja akabaki na mlango, mwingine akabaki na vyumba vyote. Waingereza hulitumia hata kwa ubaya. Msumbufu asiyebakiza mahali pa kusumbua, naye wanamvika kivumishi hicho hicho. Jambo la kuvutia sana. Ningeweza kukuandikia kurasa kumi.

Kuhusu swali lako lingine. Fomu ilifupishwa na ofisi. Ofisi hufanya mambo mengi. Wakati ule mambo mengi yalifupishwa, na yalikuwa na sababu zake, na si vizuri kuwahukumu watu waliokuwa wakifanya kazi katika mazingira ya wakati ule.

Ushauri wangu kama mzazi wako: usijitie kimbelembele ungali kwenye majaribio. Thibitishwa kwanza. Ukishakuwa ndani utabadilisha mambo polepole. Muhuri ni mpira tu.

Mwambie dada aendelee na dawa ya matone. Jengo lile limesimama miaka mingi.

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Wiki sita nimekusubiri, ukaniletea ndugu waliogawana nyumba.

Mama amekosa vipimo vinne. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akajifanya alikusudia kuosha meza. Asubuhi ya kliniki alivaa viatu akasema, "Potelea mbali, nitapanda hiyo lifti, nikianguka nimeanguka." Nikasimama mlangoni. Tumegombana, Mjomba, mimi na Mama, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu tarehe 20 Mei, kwa kosa la kukagua kupita kiasi. Ndivyo barua ilivyoandikwa, na imepigwa muhuri.

Nakuuliza mara moja tu na sirudii. Ni nani?

28 Aprili

Bi Kwa Nini,

Barua hii haina rasimu. Madoa utayaona mwenyewe.

Ni mimi.

Wakaguzi walikuwa wakilalamika kwamba maswali arobaini na moja yanawachosha, wanarudi ofisini chakula kimeshapoa. Siku moja, kabla ya mapumziko ya mchana, mkuu wa wakati ule akaniita. Akaniuliza, "Kamusi, hivi Kiingereza hakina neno moja linaloyabeba haya yote?" Nikamwambia lipo. Mpwa wangu, nilivyojivuna! Nililitamka polepole, kama mtu anayefungua kasha la pete. Wakanipigia makofi. Kurasa tatu zikawa mstari mmoja. Muhuri nao ulikuwa wazo langu, kwa kuwa nusu ya wakaguzi hawakuweza kuliandika bila kukosea. Nikapandishwa cheo, nikapewa na saa ya ukutani. Bamba la shaba ni kwa sababu hiyo hiyo: "mwasisi wa fomu fupi".

Mimi nililijua neno. Lifti sikuzijua. Sijawahi kufika kwenye paa la jengo lolote maishani mwangu. Nilidhani neno likiwa sahihi, watu watafanya linavyosema. Badala yake walipiga neno, wakaacha kazi. Maswali yalikuwa yanamlazimisha mtu ainame. Neno langu lilimruhusu asimame mlangoni na glasi ya maji.

Na sikuwa na mafua. Zile wiki sita fomu ya kwanza ilikuwa mezani kwangu, mimi situpi karatasi. Kila nilipoishika nilikuwa nalifikiria bamba. Nilijua Dada hapimwi, na bado nililifikiria bamba. Sina namna ya kuliandika hilo likapendeza.

Nimekuwekea humu kurasa zote tatu, pamoja na maelezo yangu yenye saini. Yasome mbele ya kamati yote, usinifichie kitu. Nimeona aibu, nasema wazi.

Mjomba wako

23 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Kamati ilikaa Alhamisi, ghorofa ya sita ya ofisi yetu. Mwenyekiti ni yule mzee mwenye goti bovu, unamjua, alikuwa karani wako, siku hizi ni mkubwa wa Mkuu. Mkuu alisema mimi ni mfanyakazi mzuri ila sijui mipaka. Nikasoma maelezo yako. Mjumbe mmoja akapendekeza iundwe kamati ndogo ichunguze kama maswali arobaini na moja bado yanafaa, na itoe ripoti baada ya mwaka. Mwingine akapendekeza muhuri mpya, mkubwa zaidi. Nakuapia sitii chumvi.

Mwenyekiti akataka kuiona ile fomu. Akaisoma kwa sauti, swali kwa swali, kidole kikiteremka. La mwisho lilikuwa: "Je, baada ya ukaguzi umeipanda lifti hii mwenyewe, kutoka chini hadi juu na kurudi?" Akainua kichwa akamtazama Mkuu. "Ile ya kliniki umewahi kuipanda?" Mkuu akasema hajapata nafasi. "Na hii yetu?" Mkuu akasema yeye hupenda mazoezi. Mjumbe wa kushoto naye akasema hupenda mazoezi. Ikaonekana ofisi nzima ya usalama wa lifti ni wanamichezo.

Mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa baadaye, akaahirisha kikao. Tukatoka. Mimi nilibonyeza kitufe, lifti ikaja, mlango ukafunguka, taa yake ikiwakawaka. Nikasema, "Karibuni wazee, ina muhuri wa mwaka huu." Hakuna aliyeingia. Mimi pia sikuingia, sijaikagua. Tukashuka kwa ngazi sote, Mkuu mbele, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kufika ya tatu goti la mwenyekiti likagoma. Akakaa kwenye ngazi, akafuta jasho, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete hiyo karatasi ya kufunga lifti ya kliniki. Na kalamu." Akasaini papo hapo, juu ya paja. Kisha akasema Jumatatu nianze kukagua ile ya ofisi yetu. Nikamwambia itachukua siku tatu. Akasema hata nne.

Nimefunga lifti ya kliniki kwa mkono wangu saa tisa alasiri. Kesho yake asubuhi daktari aliteremsha mashine zake zote mpaka chini, tena kwa dakika arobaini tu, na Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sherehe ya miaka hamsini imeahirishwa. Bamba limo chini ya meza ya karani, limefunikwa kwa gazeti. Kazi yangu bado haijathibitishwa wala haijafutwa.

Sasa hili Mama alinikataza nisikuandikie. Jicho la kushoto limepungua sana. Vipimo sita tulivyokosa vimelimaliza, na daktari anasema kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi. La kulia analishughulikia, lakini hatoi ahadi. Kama ungenijibu mwezi wa Machi, Mjomba, lisingefika hapo. Nimekukasirikia na bado nimekasirika, naandika hivi ili usidhani barua yako imefuta.

Barua hiyo Mama aliomba nimsomee. Nilipofika pale pa bamba nilitaka kuruka mistari miwili, nimhurumie yeye, nikuhurumie na wewe. Akajua. Akasema, "Usiruke kitu. Soma yote." Nikasoma yote. Akacheka kidogo, akalia kidogo, akasema ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, kila mara ukiapa umeoga.

Halafu akaniagiza nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: usilete barua nyingine, panda basi la kwanza uje mwenyewe, maana anataka kukugombeza angali anakuona uso.

Bi Kwa Nini